Nani Huhesabiwa katika Kaya? Historia ya Ugawaji wa Vyandarua Vyenye Viuatilifu mjini Juba

Utangulizi

Juba, mji mkuu wa Sudan Kusini, umekaa ukingoni mwa Mto Nile Mweupe, ambao katika sehemu hiyo huitwa Bahr el Jebel. Msimu wa mvua huanza takribani Aprili na kuishia Novemba, na malaria haikosekani mwaka mzima. Historia ya vyandarua katika mji huo kwa kawaida husimuliwa kwa idadi ya vilivyogawiwa. Makala hii inaichunguza kupitia istilahi mbili zilizoamua nani apewe: "makundi yaliyo hatarini" na "kaya". Hoja kuu ni kwamba istilahi zote mbili zilichukulia kuwa watu wamekaa mahali pamoja, ilhali hatari kubwa mjini Juba imewakabili waliohamahama.

Kutoka kundi hadi kaya

Majaribio ya miaka ya 1990, yakiwemo ya Gambia na ya Kilifi katika pwani ya Kenya, yalithibitisha kuwa vyandarua vilivyotiwa dawa hupunguza vifo vya watoto. Tarehe 25 Aprili 2000, viongozi wa Afrika waliokutana Abuja waliazimia kuwa kufikia 2005 angalau asilimia 60 ya walio hatarini zaidi, hususan wajawazito na watoto wa chini ya miaka mitano, wawe na kinga hiyo. Msingi wa uteuzi huo ulikuwa wa kibiolojia: kinga ya mtoto haijakomaa, na ujauzito huidhoofisha ya mama.

Tanzania ililitekeleza wazo hilo kwa Hati Punguzo kuanzia 2004. Mjamzito alipewa hati kliniki, kisha akanunua chandarua dukani kwa bei nafuu. Mpango wa namna hiyo ulihitaji kliniki inayofanya kazi, duka lenye bidhaa na barabara inayopitika. Juba, iliyotoka katika vita vya zaidi ya miongo miwili baada ya mkataba wa amani uliotiwa saini Nairobi tarehe 9 Januari 2005, ilikuwa na upungufu wa vyote vitatu. Vyandarua viliingia zaidi kwa mikono ya mashirika ya kimataifa.

Mwezi Agosti 2007, Shirika la Afya Duniani lilipendekeza vyandarua vya kudumu viwafikie watu wote walio katika hatari ya malaria, si makundi teule pekee. Kwa pendekezo hilo kipimo kilibadilika. Badala ya mjamzito au mtoto mmoja mmoja, mwandikishaji alihesabu kaya, na kanuni ikawa chandarua kimoja kwa kila watu wawili. Kanuni hiyo ilikuwa nyepesi kufuata na ilipunguza nafasi ya upendeleo.

Kaya iliyovunjwa na vita

Mapigano yaliyozuka Juba tarehe 15 Desemba 2013 yaliiweka kanuni hiyo majaribuni. Maelfu ya raia walikimbilia kambi za Umoja wa Mataifa za Tomping na UN House. Mvua za 2014 zilipoifurika Tomping, wakazi wake walihamishwa tena. Julai 2016 mapigano yakarudi mjini, na watu wakakimbia upya.

Katika hali kama hiyo, bibi aweza kulala turubai moja na wajukuu pamoja na watoto wa jirani aliyetoweka. Jamaa wa mjini aweza kupokea wageni kumi baada ya orodha kufungwa. Aidha, chandarua huhitaji mahali pa kukining'iniza. Anayekimbia usiku hubeba mtoto, na chandarua hubaki nyuma. Hivyo kaya ya kwenye orodha na kaya ya kwenye mkeka zikawa vitu viwili tofauti.

Hitimisho

Tafiti za malaria zinazotathmini matumizi huuliza ni nani aliyelala ndani ya chandarua usiku uliotangulia. Swali hilo la tathmini lingefaa kutangulia ugawaji: "Jana usiku wamelala hapa wangapi?" badala ya "Kaya hii ina watu wangapi?" Tofauti ni ya maneno machache, lakini ndiyo inayomwingiza au kumwacha nje mtoto asiye na mzazi. Kwa kuwa Sudan Kusini ni mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu 2016, na wengi waliorejea kutoka Kenya na Uganda wanakijua Kiswahili, wataalamu wa lugha wana nafasi ya kushiriki katika kuandaa madodoso hayo.

Suala hili linazidi uzito. Usugu wa mbu dhidi ya viuatilifu vilivyozoeleka umelazimu aina mpya za vyandarua, ambazo ni ghali zaidi, na chanjo ya malaria iliyoanza kutolewa nchini humo Julai 2024 inawalenga tena watoto wadogo. Kadiri kinga inavyopanda bei, ndivyo kosa la kuhesabu linavyowaumiza wale ambao majina yao hayamo katika orodha yoyote.