Mizani ya Tani 100: Jinsi Nguvu za Mashujaa wa Katuni Zilivyopimwa

Kupima nguvu za mashujaa wa katuni za Kimarekani, yaani kuhesabu kila wanachokiinua, wanachokivunja na wanachokirusha ili mmoja alinganishwe na mwingine, ni desturi iliyozaliwa pamoja na mashujaa wenyewe, ingawa ilipita miaka 45 hivi kabla haijaandaliwa jedwali rasmi. Toleo la kwanza la jarida la Action Comics, lililotoka mwaka 1938 likiuzwa kwa senti 10, lilimtambulisha Superman, mhusika aliyebuniwa na vijana wawili wa mji wa Cleveland, mtunzi Jerry Siegel na mchoraji Joe Shuster. Jalada lake linamwonyesha akiwa amelinyanyua gari la kijani na kulibamiza kwenye mwamba, huku mtu mmoja aliyejishika kichwa kwa mikono miwili akitimua mbio kuelekea upande wa msomaji. Gari lilifaa kuliko jabali au mti, kwa kuwa aliyewahi kulisukuma gari lililozima njiani anaujua uzito wake kwa mabega yake, wala hahitaji kuandikiwa idadi ya kilo.

Ukurasa wa kwanza wa hadithi hiyo ulitaja vipimo bila kificho. Shujaa aliweza kuruka thumuni ya maili, ambayo ni kama mita 200, na kulivuka jengo la ghorofa 20; aliishinda treni ya mwendo wa kasi, na ngozi yake haikutobolewa na kitu chochote kilicho hafifu kuliko kombora linalolipuka. Jambo la kuzingatiwa hapa ni kwamba vipimo hivyo vilikuwa na kikomo, kwa maana anayeruka mita 200 hajaruka 300, na ngozi inayostahimili kila kitu isipokuwa kombora imekwisha kukiri kwamba kombora laweza kuipasua. Siegel na Shuster waliongeza hata maelezo waliyoyaita ya kisayansi, wakitoa mfano wa sisimizi abebaye mzigo unaoupita uzito wake mara mamia, na wa panzi ambaye mruko wake, kwa kipimo cha mwanadamu, ungevuka mitaa kadhaa ya mji.

Hoja ya sisimizi, kwa bahati mbaya, ilikuwa imekwisha kuvunjwa karne tatu kabla. Galileo alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1638 kwamba mwili unapokuzwa, nguvu zake na uzito wake havikui kwa kadiri moja, jambo ambalo mwanabiolojia J. B. S. Haldane alilifafanulia umma kwa lugha nyepesi katika insha ya mwaka 1926. Nguvu za msuli hutegemea eneo la mkato wake, yaani upana unaoonekana ukikatwa kama mkate, ilhali uzito hutegemea ujazo wa mwili mzima. Sisimizi akirefushwa mara 100, msuli wake huongezeka mara 10,000 lakini uzito wake huongezeka mara 1,000,000, hivyo aliyekuwa akibeba mara 50 ya uzito wake atabaki na uwezo wa kubeba nusu yake tu, na huenda asiweze hata kusimama. Mruko wenyewe, kwa upande mwingine, ulistahimili hesabu vizuri zaidi. James Kakalios, mwanafizikia wa Chuo Kikuu cha Minnesota, alionyesha katika kitabu chake cha mwaka 2005 kuhusu fizikia ya mashujaa hao kwamba anayetaka kupaa mita 200 kwenda juu hana budi kuiacha ardhi kwa kasi ya takriban kilomita 225 kwa saa, na kutokana na kasi hiyo akakisia kwamba mvutano wa sayari ya Krypton, alikozaliwa Superman, ulipaswa kuwa mara 15 ya ule wa dunia. Hesabu ya namna hiyo huwezekana pale tu mtunzi anapokubali kutaja kipimo na kukiheshimu.

Watunzi hawakukiheshimu kwa muda mrefu. Katika miaka ya 1940 kuruka kuligeuka kupaa, na kufikia miaka ya 1960 Superman alikuwa akizisukuma sayari kama mtoto asukumavyo gurudumu, hata wahariri wenyewe wakachoka kumtafutia mpinzani. Mwaka 1971 mhariri Julius Schwartz na mtunzi Denny O'Neil walimpunguzia nguvu katika hadithi iliyoanzia toleo la 233 la jarida lake, lakini punguzo hilo halikudumu, na mwaka 1986 mtunzi na mchoraji John Byrne alilazimika kuianza upya kazi ileile.

Ushindani wenyewe ulishika kasi zaidi katika kampuni ya Marvel, kwa kuwa mashujaa wake waliishi katika ulimwengu mmoja, wengi wao katika jiji moja la New York, na walikuwa wepesi wa kupigana wao kwa wao. Hulk, aliyeanza kuonekana mwaka 1962, aliwatatiza wapimaji kuliko wote, kwani kanuni iliyomkaa ni kwamba kadiri hasira zake zinavyopanda ndivyo na nguvu zake zinavyoongezeka, na hasira haina kipimo. Mtunzi Stan Lee na mchoraji Jack Kirby walitambua mapema kwamba ubishi wa wasomaji ulikuwa mtaji. Hadithi yao katika toleo la 112 la jarida la Journey into Mystery, lenye tarehe ya Januari 1965, inaanza kwa kundi la watoto wanaogombana kuhusu nani mwenye nguvu zaidi kati ya Thor na Hulk. Thor, anayewakuta katika ubishi huo, anawasimulia jinsi alivyomwomba baba yake, Odin, amwondolee kwa dakika tano utegemezi wake kwa nyundo yake ili apambane na Hulk kwa mikono mitupu. Pambano linaisha bila mshindi, na watoto wanabaki na ubishi wao.

Mwaka uliofuata ulileta tendo la nguvu ambalo mashabiki wengi hulitaja kuliko yote, nalo halikuandikiwa uzito wowote unaokumbukwa. Katika toleo la 33 la The Amazing Spider-Man, lenye tarehe ya Februari 1966, mchoraji Steve Ditko alimbana Spider-Man chini ya mtambo mkubwa wa chuma, maji yakivuja kutoka darini na dawa ya kumwokoa shangazi yake ikiwa mbele yake, mahali asipoweza kuifikia. Ditko aliitandaza juhudi hiyo katika kurasa kadhaa: kwanza fremu ndogondogo zinazombana mhusika kama mtambo wenyewe unavyombana, kisha fremu zinazotanuka kadiri mgongo unavyonyooka, hadi ukurasa mzima unapoachiwa mtambo ulioinuliwa. Mzani uliotumika hapa ni karatasi, na kwa kweli haujapatikana mwingine uliopima vizuri zaidi.

Mizani ya namba ilikuja Januari 1983, Marvel ilipoanza kuchapisha kamusi elezo ya wahusika wake, The Official Handbook of the Marvel Universe. Msimamizi wake, Mark Gruenwald, alitoka miongoni mwa mashabiki, kwa kuwa kabla ya kuajiriwa alikuwa akichapisha jarida lake mwenyewe, Omniverse, lililochambua kanuni za dunia za kubuni kwa umakini wa mwanasheria. Kitabu hicho kilifafanua nguvu kuwa ni uzito mkubwa kabisa ambao mhusika anaweza kuuinua juu ya kichwa hadi mikono inyooke. Captain America, aliyehesabiwa kuwa kilele cha uwezo wa binadamu, alipewa ratili 800, kama kilo 363. Spider-Man akapewa tani 10. Thor na Hulk wakawekwa pamoja katika daraja la 100, yaani la wainuao tani 100 au zaidi. Maneno hayo mawili ya mwisho, "au zaidi", ndiyo yaliyokuwa mlango wa nyuma wa jedwali zima.

Mlango huo ulifunguliwa upesi. Jim Shooter, mhariri mkuu wa Marvel ambaye kamusi hiyo ilitoka chini ya uongozi wake, ndiye aliyeandika mfululizo wa Secret Wars, na katika toleo lake la nne, lenye tarehe ya Agosti 1984, Hulk anaonekana akiushikilia mlima walioangushiwa mashujaa wenzake, mlima ambao jalada linautaja kuwa wa tani bilioni 150. Kwa msongamano wa kawaida wa miamba, uzito huo ni wa mlima wa umbo la pia wenye urefu wa kilomita nne na kitako cha upana wa karibu kilomita saba, nao ni mara bilioni moja na nusu ya tani 100. Ofisi moja, katika muda usiofika miaka miwili, ilikuwa imechapisha vipimo viwili vya mhusika mmoja vilivyoachana kwa kadiri hiyo, na hapakuwa na aliyeona haja ya kusahihisha kimoja. Mtu anaweza kuliita jambo hilo uzembe, lakini yaelekea zaidi kwamba kila kipimo kilikuwa na kazi yake: tani 100 zilipanga wahusika katika foleni, na tani bilioni 150 zilimfanya msomaji ashushe pumzi.

Watengenezaji wa michezo ya kuigiza ya mezani, ambao hawakuweza kukwepa namba kwa sababu matokeo yao huamuliwa kwa dadu, walilishughulikia tatizo hilo kwa ustadi zaidi. DC Heroes, mchezo wa mwaka 1985 wa mashujaa wa DC, kampuni inayomchapisha Superman, ulitumia kipimo ambacho kila alama moja inayoongezwa huzidisha uzito mara mbili, hivyo alama 10 tu hutenganisha uzito mmoja na mwingine uliouzidi mara 1,024, na kwa ngazi hiyo askari wa doria na msukuma sayari waliweza kuingia katika karatasi moja.

Mwaka 1996, kampuni za Marvel na DC zilipowapambanisha mashujaa wao, matokeo ya mapambano matano makuu yaliachiwa kura za wasomaji, na ni kura zilizomshindisha Superman dhidi ya Hulk. Kamusi za Marvel za miaka ya 2000 zilirudia jedwali, safari hii la ngazi saba, ambapo ngazi ya sita inaishia tani 100 na ya saba imeandikwa kuwa haihesabiki. Thor na Hulk wamo humo wote wawili, katika ngazi ya saba.