Mshahara Nyuma ya Wavu

Awendo ni mji wa miwa, na hata michezo yake ilistawishwa na miwa. Kiwanda cha sukari cha SonySugar kilianza kazi mwaka 1979. Timu yake ya kandanda ilitwaa ubingwa wa ligi kuu ya Kenya mwaka 2006, kisha mwaka 2019, hazina ikiwa tupu, ikaondolewa ligini kwa kukosa kufika uwanjani mara tatu. Japo hiyo ni kandanda, anayetaka kuelewa kwa nini voliboli ya wanawake ilidumu nchini na aanzie hapo, kwa sababu mchezaji hudumu kadiri mwajiri wake anavyodumu. Wanawake wa wavu walibahatika kuwa na waajiri wasiongoja mavuno: Kenya Pipeline, Magereza na benki ya KCB.

Tazama kazi ya Janet Wanja, aliyeichezea Pipeline kwa miaka mingi. Alikuwa seta, yaani yule anayeupokea mpira wa pili na kuuinua kwa ncha za vidole, akijua bila kugeuka kwamba mpigaji aliye nyuma yake ameshaanza kukimbia. Maelewano hayo hayapatikani kwa mazoezi ya Jumamosi. Yanataka watu wale wale wafanye mazoezi pamoja mwaka baada ya mwaka, na binti anayehangaikia kibarua hana nafasi hiyo. Wanja alicheza Olimpiki ya Athens 2004. Miaka 20 baadaye alikwenda Paris akiwa mkufunzi wa viungo wa timu ya taifa, Malkia Strikers, miezi michache kabla ya kufariki Desemba 2024.

Yupo atakayesema kwamba sifa ni ya shule za magharibi, kama Mukumu na Lugulu. Ni kweli shule humfundisha msichana kuruka na kupiga, lakini humuaga kidato cha nne, umri ambao seta ndiyo kwanza anaanza kukomaa. Mwingine atauliza: mshahara huo umeleta nini, ikiwa Kenya imecheza Olimpiki nne, 2000, 2004, Tokyo na Paris, bila kushinda mechi hata moja? Swali hilo ni zito. Mshahara wa nyumbani umetosha kuitawala Afrika, ambako taji la mwaka 2023 lilikuwa la kumi; haujatosha kuikabili Brazil, ambayo wachezaji wake hukutana na wapinzani wakali kila wiki katika ligi za kulipwa. Ndiyo maana aliyekuwa nahodha, Mercy Moim wa Magereza, alikwenda pia kucheza nje ya nchi. Jibu basi ni kuongeza ajira za mchezo, si kuzidharau. Muwa wa Awendo ukikatwa, kisiki huchipua tena bila kupandwa upya. Timu nayo ina kisiki chake, ambacho ni ajira. Timu ya kandanda ya Awendo ilianguka kiliponyauka.