Breki Iliyoipa Mita ya Umeme Haki Yake

Katika miaka ya 1880, mteja wa umeme wa Edison mjini New York hakuwa na namba ya kusoma. Mita yake ilikuwa chupa yenye vibamba vya zinki vilivyozama katika mmumunyo. Sehemu ndogo ya mkondo ilihamisha zinki kutoka kibamba kimoja hadi kingine, kisha kampuni ikavichukua kwenda kuvipima uzito. Mlipaji aliletewa bili tu, akaiamini. Tena mita hiyo haikufaa kwa mkondo geu, uliokuwa ukienea kwa kasi. Mwaka 1888 Oliver Shallenberger wa kampuni ya Westinghouse alitengeneza mita ya kuzunguka iliyozuiwa na mapanga ya kukinza hewa, lakini ilihesabu mkondo peke yake, si nishati. Mwaka uliofuata Ottó Bláthy, mhandisi wa kiwanda cha Ganz mjini Budapest, alipata hataza ya mita ya sahani inayozunguka, iliyohesabu nishati yenyewe.

Wengi humsifu Bláthy kwa kuizungusha sahani. Mimi naona ushindi wenyewe uko kwenye kuizuia. Katika mita za sahani, koili moja hufuata volti na nyingine hufuata mkondo wa nyumba. Sumaku za koili hizo, zinazobadilika, huzalisha ndani ya sahani ya alumini mikondo inayojizungusha kama viwimbi vya maji, na mikondo hiyo huisukuma sahani kwa nguvu inayolingana na umeme unaotumika. Lakini sahani inayosukumwa tu ingezidi kushika kasi, isiwe na maana yoyote kwa hesabu. Hapo ndipo inapoingia sumaku ya kudumu iliyokumbatia ukingo wake. Sahani inapopita kati ya ncha za sumaku hiyo, mikondo mipya huzaliwa na kuipinga, na kadiri inavyokwenda mbio ndivyo inavyozuiwa zaidi. Kasi hutulia pale msukumo na kizuizi vinapolingana. Kwa hiyo umeme ukitumika maradufu, sahani nayo huzunguka maradufu. Mikondo hiyo ya kujizungusha, ambayo mwanafizikia Foucault aliionyesha mwaka 1855, ndiyo inayopasha moto chuma cha transfoma na kupoteza nishati. Bláthy, mmoja wa watatu waliobuni transfoma ya Ganz mwaka 1885, aliijua pia kama hasara.

Itasemwa kwamba breki hiyo huchakaa. Ni kweli: sumaku ikidhoofika sahani hukimbia kupita kiasi na mteja hupunjwa, na msuguano nao huipunja kampuni pale inapowaka taa moja tu. Mita za kielektroniki, zikiwemo za LUKU za kulipia kabla nchini Tanzania, hazina sahani wala shida hizo. Hata hivyo kasoro ya sahani ilikuwa inapimika na mwenye nyumba. Usoni pa mita pameandikwa idadi ya mizunguko kwa kilowati-saa moja. Ikiwa ni 600, taa ya wati 100 ikiwaka peke yake lazima sahani izunguke mara moja kwa dakika. Saa ya mkononi ilitosha kuhakiki. Mita nyingi za kielektroniki zimeurithi utaratibu huo: zina kitaa kinachomweka, na kando yake imechapwa idadi ya mimweko kwa kilowati-saa.