Mwalimu wa Mwanzo: Kutoka Chuo cha Pwani hadi Isikizya

Neno chuo limesafiri mbali. Katika Kiswahili cha kale cha Unguja, Mombasa na Lamu, chuo ni kitabu. Na kwa kuwa kitabu cha kwanza kufunguliwa mbele ya mtoto kilikuwa juzuu ya Msahafu, chuo kikawa pia ndipo mahali penyewe, baraza au ukumbi, ambapo mtoto wa miaka 5 au 6 huketi mkekani akaanzishwa alifu. Mtoto wa pwani alipoambiwa aende chuoni, hapana aliyedhani kwamba anakwenda kutafuta shahada. Leo neno lilo hilo limepanda daraja. Chuo kimekuwa cha watu wazima, na chuo kikuu cha waliopanda zaidi. Mtoto ameachwa mkekani pake.

Historia ya kuwatayarisha walimu wa watoto wadogo katika Tanzania Bara, hususan katika njia ile ya misafara itokayo Bagamoyo kwenda Tabora hadi Ujiji, inafanana mno na historia ya neno hili. Kila elimu ilipopanda, mwalimu wa mwanzo alitayarishwa mwisho, tena kwa haraka.

Chuo cha kale hakikuwa na mahali maalumu pa kuwafunza walimu wake. Mwanafunzi mkubwa, aliyekwisha kusoma juzuu kadhaa, alimsomesha mdogo wake, naye mwalimu akiwasikiliza wote wawili. Kijana alijifunza kusomesha kwa kusomesha. Mapungufu yake yanajulikana: bakora ilikuwa karibu mno, na kukariri kulitangulia kufahamu. Hata hivyo, chuo hicho kilikuwa na mambo mawili yanayostahili kukumbukwa. La kwanza, mwalimu alimjua mtoto, akaijua nyumba aliyotoka na lugha aliyoamka nayo. La pili ni heshima. Mtoto alipohitimu, wazazi walimtunza mwalimu kwa kadiri ya uwezo wao, na mji mzima ukajua ni nani aliyemfungulia mtoto huyo kitabu. Mwalimu wa alifu hakuonekana mdogo kwa sababu wanafunzi wake ni wadogo.

Kiswahili kiliingia Unyamwezi kwa miguu. Burton na Speke walipofika Kaze mwaka 1857, mahali ambapo leo ni Tabora, waliwakuta wafanyabiashara wa Kiarabu na wa Kiswahili wamekwisha kujenga matembe yao. Wapagazi wa Kinyamwezi walishusha pembe hadi Bagamoyo, wakarudi na nguo, shanga na maneno. Kwa hiyo Mapadri Weupe walipofika Tabora mwishoni mwa miaka ya 1870, na wamisionari wa Kianglikana wa C.M.S. walipokuwa na kituo chao Uyui katika miaka ya 1880, lugha ya njia ilikuwapo tayari. Wakati huo huo, kisiwani Unguja, wamisionari wa U.M.C.A. walikuwa na shule yao Kiungani, ambako watoto waliokombolewa katika utumwa, wengi wao waliotekwa bara, walifunzwa ili wawe walimu na makasisi. Njia iliyowaleta pwani watoto hao kwa nguvu ndiyo iliyowarudisha bara baadhi yao wakiwa na ubao na chaki.

Utawala wa Kiingereza ulipokuja, uliweka mambo katika ngazi. Mwaka 1925 ilifunguliwa Tabora shule ya serikali iliyokusudiwa hasa watoto wa kiume wa watemi na machifu, ili watoke humo watawala wasaidizi na makarani. Mwaka 1926 kikaanzishwa chuo cha ualimu Mpwapwa, kituo kingine mashuhuri katika njia ile ile ya misafara. Nyerere aliisoma shule ya Tabora toka 1937 hadi 1942, akachukua ualimu Makerere toka 1943 hadi 1945, kisha akarudi Tabora kufundisha katika shule ya Mtakatifu Maria hadi alipokwenda Edinburgh mwaka 1949. Jina la Mwalimu, ambalo taifa zima lilimwita hadi kufa kwake, lilianza kuwa kazi yake ya mshahara katika mji huo.

Lakini mtoto wa kijijini hakufundishwa na mtu wa Makerere. Alifundishwa na katekista katika shule ndogo ya misheni chini ya paa la nyasi, mtu ambaye mwenyewe alikuwa na miaka michache tu ya masomo. Ngazi ilikuwa wazi: aliyesoma sana aliwafundisha wakubwa, aliyesoma kidogo akaachiwa wadogo, na mshahara ukafuata ngazi iyo hiyo. Uhuru ulibadili mambo mengi, lakini desturi hiyo haikung'oka.

Mwaka 1967 ulikuja waraka wa Elimu ya Kujitegemea, na Kiswahili kikawa lugha ya kufundishia katika shule zote za msingi za umma. Novemba 1974, Azimio la Musoma likaamua kwamba ifikapo 1977 kila mtoto aliyefikia umri awe darasani. Vyuo vilivyokuwapo visingeweza kutoa walimu wa kutosha kwa muda huo. Ndipo ulipobuniwa mpango ambao hauna mfano mwingi Afrika: vijana waliomaliza darasa la saba walikusanywa katika shule za msingi zilizoteuliwa, wakafunzwa humo humo kwa miaka 3. Sehemu ya siku walifundisha, sehemu walifundishwa. Masomo mengine waliyapata kwa posta na kwa redio, na mwishoni wakaenda chuoni kwa majuma machache. Walioandikishwa walikuwa zaidi ya 40,000, na waliohitimu wakazidi 35,000. Idadi ya watoto katika shule za msingi, iliyokuwa kama milioni 1.2 mwaka 1974, ilipita milioni 3 mwaka 1980.

Vijana hao walidhihakiwa. "Mwalimu wa UPE" likawa neno la kumchoma mtu, na aghalabu lilitamkwa na wale waliofundishwa kusoma na mwalimu huyo huyo. Dhihaka hiyo haikutenda haki. Jambo lililofanyika katika shule hizo, yaani kijana kujifunza kufundisha mbele ya watoto wa kijiji anachokijua, lilikuwa karibu zaidi na chuo cha pwani kuliko wengi walivyotambua. Katika Unyamwezi, ambako kaya zilizotawanyika katika miombo zilikuwa zimetoka tu kukusanywa vijijini, kijana wa namna hiyo aliwaelewa watoto waliomwitikia kwa Kinyamwezi. Kilichokosekana ni muda, vitabu, na mtu wa kurudi kumtazama baada ya mafunzo. Vita vya Kagera vya 1978 hadi 1979 na uchumi ulioporomoka baada yake vilikula hata kidogo kilichokuwapo.

Kisha historia ikajirudia. Ada ya shule za msingi ilifutwa tena mwaka 2001, na kuanzia 2002 Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM, ukajaza madarasa. Mafunzo ya ualimu wa daraja la tatu A yakapangwa upya, mwaka mmoja chuoni na mwaka mmoja shuleni. Mwaka 2016 likaja agizo la elimu bila ada, na madarasa yakafurika kwa mara ya tatu. Kila mara mtoto aliandikishwa kwanza, mwalimu akatafutwa baadaye.

Mtoto wa chekechea alingoja zaidi. Hiyo ndiyo shule iliyoitwa kwa mzaha wa upendo shule ya vidudu, na ambayo serikali huiita elimu ya awali. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 1995 ndiyo iliyoiweka rasmi katika mfumo wa nchi, na ile ya 2014 ikaufanya mwaka mmoja wa awali kuwa wa lazima. Agizo la kwamba kila shule iwe na darasa la awali lilitangulia kuwapo kwa walimu waliosomea kazi hiyo. Kwa hiyo katika shule nyingi darasa hilo alipewa yeyote aliyekuwa hana pa kupangwa.

Mwanachuo wa ualimu anafundishwa mambo mengi yenye manufaa. Hujifunza kutunga azimio la kazi na andalio la somo, saikolojia ya mtoto, mbinu za kufundishia kusoma, kuandika na kuhesabu, na ufaraguzi wa zana: vizibo vya soda vya kuhesabia, mabua, kokoto, mbegu za maboga. Kisha huenda mazoezi ya kufundisha, na mkufunzi akaja kuketi nyuma ya darasa na daftari lake. Mkoa wa Tabora una vyuo vyake vya kazi hiyo, kimoja mjini Tabora, na kingine Ndala wilayani Nzega.

Isikizya, makao makuu ya Wilaya ya Uyui, ni mahali pazuri pa kuyapima mafunzo hayo. Sikio la mtu wa Mombasa litasikia katika jina hilo neno sikiza, ingawa jina lenyewe ni la wenyeji na halikungoja Kiswahili. Watoto wa wilaya hiyo wengi huja darasani na Kinyamwezi au Kisukuma. Mwalimu aliyepangwa huko aweza kuwa ametoka Tanga, Mbeya au Kagera. Andalio lake la somo limeandikwa kwa Kiswahili safi. Mtoto ananyamaza, na mwalimu aliyefunzwa kwa haraka huuita unyamavu huo ujinga. Kumbe mtoto anasikiliza lugha ya pili kwa mara ya kwanza, na anahitaji mtu wa kumsikiliza naye.

Dawa ya jambo hili imekwisha kuonekana, tena mara mbili. Mombasa, katikati ya miaka ya 1980, ulianzishwa mpango wa shule za awali katika madrasa kwa msaada wa Wakfu wa Aga Khan. Bi Swafiya Said alikuwa mkufunzi wake wa kwanza, na wanawake wa mitaa ile ile ndio waliofunzwa kuwa walimu, wakafuatwa madarasani mwao. Mpango huo ulifika Unguja mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993. Miaka mingi baadaye, mradi wa EQUIP-Tanzania, uliofanya kazi toka 2014 hadi 2020 na kuuhusisha Mkoa wa Tabora, ulianzisha madarasa ya utayari wa shule ya majuma 12, yakiendeshwa kwa hadithi na wasaidizi waliochaguliwa na jamii. Wote wawili walirudi, kwa kujua au kwa kutojua, katika desturi ya chuo: mwalimu afunzwe karibu na mtoto, na awe mtu anayemfahamu.

Lakini mradi una mwisho wake, na msaidizi wa kijiji hawezi kubeba peke yake mzigo ambao taifa limeogopa kuubeba. Yahitajika kuviunganisha viwili hivyo: elimu ya chuo cha ualimu na ujuzi wa mtu wa kijijini, kwa muda wa kutosha, na kwa mshahara na cheo visivyomwambia mwalimu wa awali kwamba yuko chini kwa sababu wanafunzi wake ni wafupi. Siku mwanachuo aliyefaulu kuliko wenzake atakapopewa darasa la awali kijijini Uyui, na wenzake wakamwonea wivu, neno chuo litakuwa limerudi kwa mtoto.