Mikono ya Rubaya na Mashine za Bisie

Kijana wa Rubaya huchimba koltani kwa sululu na beleshi, na madini hayo huingia katika simu na kompyuta za dunia nzima. Akitaka kujua kwa nini yeye amebaki na beleshi, yampasa atazame nyuma, katika historia ya kazi na shule za nchi hii.

Mwaka 1937 serikali ya Wabelgiji ilianza kuhamisha watu kutoka Rwanda na kuwaleta Masisi, maana mashamba ya Wazungu yalihitaji mikono. Kwa kazi hiyo shule ya miaka michache ilitosha: kusoma, kuandika, hesabu kidogo, na kwa wengine useremala au uashi. Misheni zilieneza shule za msingi hata Kongo ikazipita nchi nyingi za Afrika, lakini ngazi za juu zilikuwa nyembamba mno. Aliyetaka elimu ndefu alikuwa na mlango mmoja tu, seminari. Stefano Kaoze alipewa upadre mwaka 1917. Chuo kikuu cha Lovanium kilifunguliwa mwaka 1954. Siku ya uhuru, tarehe 30 Juni 1960, Wakongo walei wenye shahada ya chuo kikuu hawakuzidi 30.

Katanga mambo yalikuwa mengine. Kampuni ya Union Minière ilikuwa na mitambo mikubwa, ikaona hasara ya kubadili vibarua kila mara. Basi tangu mwisho wa miaka ya 1920 iliwaweka wafanyakazi pamoja na jamaa zao, ikajenga shule, ikafundisha mafundi. Haikuwa huruma, mashine ndizo zilizodai. Huku Masisi mashine hazikuja, na mafundisho hayo nayo hayakuja.

Mwaka 2000 bei ya koltani iliruka ghafla, kwa kuwa viwanda vilitaka tantali, ambayo hutengenezewa vifaa vidogo vya kutunza umeme ndani ya simu. Vijana wakaacha madarasa, na walimu wengine wakawafuata. Mwaka 2001 bei ikaanguka, lakini si wote waliorudi. Tangu hapo kazi haikubadilika sana: sululu, maji ya kuoshea, gunia mgongoni, na mara kwa mara udongo unaoporomoka juu ya watu.

Tuwatazame majirani zetu wa Walikale. Huko Bisie, karibu na mwaka 2002, watu waligundua kasiteriti, yaani jiwe la bati. Maelfu walichimba kwa mikono, na wapagazi walipita msituni kwa miguu hadi Njingala wakibeba kilo 50. Ndege ndogo zilitua juu ya barabara ya magari ili kuchukua mzigo! Kisha mwaka 2019 kampuni ya Alphamin ilianza kutoa bati huko kwa mitambo. Ikataka mtu ajuaye kuendesha mashine, kuchomelea chuma, kufunga nyaya, kusoma vipimo, kuandika hesabu katika kompyuta. Mchimbaji aliyejua mshipa wa madini kwa kuutazama tu hakuwa na karatasi ya kuonyesha.

Rubaya mashine kama hizo hazijafika, na vita inazichelewesha; mwaka 2024 mji uliingia mikononi mwa M23. Wako wasemao tungoje amani kwanza, ndipo tufikirie ufundi. Mimi sikubaliani nao. Mashine hununuliwa kwa siku moja, lakini fundi hulelewa miaka sita au saba.

Sekondari zetu nyingi hufungua sehemu ya ualimu, kwa kuwa yahitaji ubao na chaki tu. Sehemu ya umeme au mekanika yadai vyombo, karakana, na mwalimu aliyewahi kufungua injini. Wazazi nao (tuseme kweli) hupenda mtoto awe karani. Tangu 2019 shule za msingi za umma, za misheni zikiwemo, zimetangazwa kuwa bila karo, ila sekondari ingali mzigo wa mzazi.

Hata hivyo mwanzo hauhitaji mali nyingi: paneli moja ya jua, betri, nyaya, kipimo cha umeme, na simu mbovu za kufungua. Ndani yake mwanafunzi ataona vifaa vya tantali, pengine kutoka mlima wa kwao, vimeshikizwa kwa bati kama lile la Bisie. Somo la fizikia laweza kuanzia hapo.