Jacek Yerka: Mwanafunzi Aliyekataa Kubadili Mkono Wake

Jacek Yerka alizaliwa mwaka 1952 katika mji wa Toruń, kaskazini mwa Polandi, mji uleule alikozaliwa mwanafalaki Copernicus mwaka 1473. Wazazi wake walikuwa wasanii, kwa hiyo alikulia katikati ya karatasi, rangi na brashi.

Baadaye alisomea sanaa katika chuo kikuu cha mji huo. Huko walimu wake walimtaka apunguze kuchora kila kitu kwa undani, afuate mtindo wa kisasa. Lakini Yerka alikuwa amevutiwa na mabingwa wa karne ya 15 na ya 16, kama Jan van Eyck na Hieronymus Bosch. Hakubadili mkono wake. Tangu mwaka 1980 kazi yake imekuwa uchoraji tu.

Katika picha zake, kipande cha kijiji huelea hewani na miti huota ndani ya vyumba. Hata hivyo, ukivitazama vitu kimoja kimoja, vyote unavijua: nyumba, kitanda, jiwe, jani. Kigeni ni namna vilivyounganishwa. Kwa kuwa kila kimoja kimechorwa kwa uaminifu, jicho hulikubali ajabu zima. Ngano zetu hufanya vivyo hivyo: Sungura husema, lakini njaa yake ni ileile tunayoijua sisi.

Mwaka 1994 kilitoka kitabu Mind Fields, ambamo Harlan Ellison wa Marekani alitunga hadithi za kuandamana na picha za Yerka. Mwaka 1995 Yerka alipata tuzo ya World Fantasy kwa wasanii. Undani ule alioambiwa aupunguze ndio uliomfikisha huko.

Habari hii inatugusa sisi walimu. Tumewahi kusahihisha insha ambayo mto ulipanda mlima kwenda kumwamkia bibi. Sarufi ilikuwa safi, lakini tuliandika pembeni kwa wino mwekundu, "Haiwezekani," tukakata alama. Insha zilizofuata za mwanafunzi yule hazikuwa na kosa, wala hazikuwa na uhai.

Leo tungemwuliza mengine: mto ulipita wapi? Ulibisha hodi vipi? Bibi aliukaribisha kwa maneno gani? Maswali hayo yangemfundisha msamiati na mpangilio wa matukio, na mto wake ungefika salama. Tunawaomba walimu wenzetu wayajaribu kabla ya kushika kalamu nyekundu.