Redio Iliyojitafutia Stesheni

Ukiitazama dashibodi ya Cadillac ya miaka ya 1950, katikati ya kromu na saa yake utakuta redio yenye upau mmoja mpana. Ukiubonyeza, mshale unaanza kutembea wenyewe juu ya namba, unapita mikwaruzo na ukimya, kisha unasimama kwenye stesheni inayosikika. Wapenzi wengi wa magari ya kale huihesabu redio hiyo kuwa mapambo ya kitajiri, ndugu wa mapezi marefu ya nyuma. Mimi naiona tofauti. Ilizaliwa na shida ya barabara, na ndani yake mafundi walitia uamuzi mzito kuliko kromu yote: kwamba stesheni inayostahili kusikilizwa ni ile yenye nguvu.

Shida yenyewe ilikuwa ya umbali. Mfanyabiashara Paul Galvin alipoiuza redio yake ya gari mwaka 1930, ile iliyokuja kuitwa Motorola, dereva alizungusha kinobu kwa mkono. Baadaye vikaja vitufe vya kukumbuka stesheni, na hapo ndipo mpinzani wa hoja yangu atakaponisimamisha: vitufe vilitosha, mashine ya kutafuta ilikuwa ya nini tena? Vilitosha mjini. Kitufe hukumbuka stesheni za nyumbani, na masafa ya kati (AM) yana tabia yake. Mchana stesheni hufifia kadiri unavyoiacha nyuma. Usiku mawimbi hudunda angani, na stesheni ya wati 50,000 kama WLAC ya Nashville ikasikika majimbo mengi mbali. Msafiri anayevuka Marekani alihitaji stesheni ambazo hakuwahi kuzisikia wala kujua namba zake, tena bila kuondoa macho barabarani. Ushahidi ulio wazi kabisa uko sakafuni: Cadillac iliweza kufungwa swichi ya mguu, dereva akabadili stesheni huku mikono yake yote miwili iko kwenye usukani. Pambo halifichwi chini ya kiatu.

Ufundi wake unastahili heshima. Redio hizo zilitoka Delco, tawi la General Motors lililokuwa Kokomo, Indiana, na hazikuwa na kompyuta ya aina yoyote. Ndani mlikuwa na springi iliyovutwa kama ya saa ya ukutani. Upau ulipobonyezwa, springi ilifunguliwa, ikazisogeza nondo ndogo ndani ya koili, na kwa kusogea huko redio ikapita kwenye masafa moja baada ya jingine. Kifeni kidogo kilizuia mwendo usiwe wa kasi mno. Wimbi lenye nguvu ya kutosha lilipoingia, valvu moja, ile taa ya kioo ya redio za zamani, ililihisi na kukata umeme wa relei, yaani swichi ya sumaku. Mkono mwembamba wa relei ukaangukia kifeni, kila kitu kikasimama papo hapo. Mshale ulipofika mwisho wa namba, sumaku ya umeme iliurudisha mwanzo kwa kishindo, na kwa kishindo hichohicho ikaivuta springi upya.

Angalia kilichopimwa hapo. Valvu ile haikujua kama inasikiliza taarifa ya habari, mahubiri au tangazo la sabuni. Ilijua nguvu tu. Stesheni ndogo ya mji wa kando, ambayo pengine ndiyo iliyokuwa ikitangaza dhoruba iliyo mbele ya dereva, ilirukwa kwa sababu wimbi lake lilikuwa dhaifu. Wahandisi waliliona hilo, na sitawadhulumu kwa kusema hawakujali. Kwenye magari ya Lincoln na Mercury kulikuwa na redio iliyoitwa Town and Country, yenye kitufe kimoja cha mjini kilichosimama kwenye mawimbi makali tu, na kingine cha shamba kilichokubali hata yaliyo dhaifu. Lakini hata cha shamba kilishusha kiwango tu. Kipimo kilibaki kilekile.

Kuna watakaosema haya ni makubwa mno kwa kifaa cha wachache. Wachache hao hawakubaki wachache. Kabla ya miaka ya 1950 kwisha, redio ya aina hiyo, kwa jina la Wonder Bar, ilikuwa inafungwa kwenye Chevrolet, gari la watu wa kawaida, na mwaka 1957 Cadillac Eldorado Brougham ilipata ya transista tupu, bila valvu hata moja. Baadaye springi ikafa, kipimo cha nguvu kikarithiwa na kitufe cha kutafuta kilichomo leo karibu katika kila gari. Kimo pia kwenye magari yaliyotumika yanayoshushwa Dar es Salaam na Mombasa kutoka Japani, mengi yakiwa na redio iliyotengenezwa kwa FM ya kwao ya zamani, ya megahezi 76 hadi 90. Hapa stesheni zetu nyingi ziko juu ya hapo, hadi 108. Dereva anabonyeza, namba zinapanda hadi 90, zinarudi 76, zinaanza tena.